Usukani na Breki za Gari la Rali: Kutoka Coronation Safari hadi Barabara ya Mbingu

Kuboresha usukani na breki za gari la zamani la rali ni kubadili, kuimarisha na kupanga upya vifaa vinavyoligeuza gari na kulisimamisha, ili lihimili mwendo na barabara ambazo kiwanda hakikuzikusudia. Afrika Mashariki iliijua kazi hii kupitia mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari ya kwanza kushindana yalikuwa ya kawaida, yaleyale yaliyowabeba mabwana shamba, wamisionari na wafanyabiashara. Njia zilikuwa za vumbi wakati wa kiangazi na za tope wakati wa masika, na hakuna kiwanda cha Ulaya kilichokuwa kimeunda gari la familia kwa ajili ya njia za namna hiyo.

Katika miaka sabini iliyofuata, mafundi walijifunza jambo moja kwa kurudia: kifaa kikiimarishwa, mzigo wake huhamia kwa kifaa jirani. Breki zenye nguvu zaidi huchemsha mafuta yake. Gari lililoinuliwa lisigonge mawe huharibu jiometri ya usukani wake. Usukani mwepesi wa kugeuka huwa mzito mikononi. Historia ya maboresho haya kwa sehemu kubwa ni historia ya kuufuata udhaifu huo kutoka kifaa hadi kifaa.

Enzi ya dramu, 1953 hadi 1962

Mashindano ya mwaka 1953 yaliitwa Coronation Safari, kwa kuwa yaliandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Mwaka 1960 yalichukua jina la East African Safari, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapokuwa zimepamba moto. Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda mwaka 1954 kwa Volkswagen, na mwaka uliofuata kwa Ford Zephyr. Volkswagen ilishinda tena mwaka 1957 na 1962, na Mercedes-Benz ikatwaa ushindi wa mwaka 1959, 1960 na 1961.

Magari ya enzi hiyo yalisimama kwa breki za dramu. Ndani ya chungu cha chuma kinachozunguka na gurudumu hukaa viatu viwili vilivyobandikwa lainingi. Dereva akikanyaga pedali, mafuta husukuma silinda ndogo, nayo hutanua viatu mpaka viguse ukuta wa dramu. Volkswagen za bei nafuu za mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa bado zinatumia waya badala ya mafuta, ingawa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Ujerumani zilishapata mfumo wa haidroliki.

Dramu ina sifa moja njema: mzunguko wa gurudumu wenyewe hukivuta kiatu cha mbele kwenye ukuta, hivyo dereva hahitaji nguvu nyingi za mguu. Lakini sifa hiyo inategemea msuguano, na msuguano hubadilika kwa joto na kwa maji. Gari la kilo 1,200 linapokwenda kilomita 100 kwa saa hubeba nishati ya mwendo ya kilojuli 460 hivi. Kulisimamisha ni kuigeuza nishati hiyo yote kuwa joto ndani ya breki. Mwendo ukifika kilomita 140 kwa saa, nishati hiyo inakaribia maradufu na kuwa kilojuli 900. Mteremko nao una hesabu yake: gari hilohilo likishuka mlima wenye kimo cha mita 300 bila msaada wa gia, breki hupokea zaidi ya megajuli 3.5, sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa zaidi ya mara saba mfululizo.

Joto linapopanda, dramu hutanuka na kujitenga na viatu, pedali ikazama, na lainingi ikapoteza mshiko. Dereva huendelea kukanyaga na gari huendelea kwenda. Kwenye kivuko cha mto kasoro huwa nyingine. Maji huingia ndani ya dramu na kukaa kati ya lainingi na chuma, kisha dramu moja hukauka kabla ya mwenzake, na gari likipigwa breki huvuta upande mmoja.

Dawa za mwanzo zilitoka gereji: lainingi ngumu zaidi, dramu pana za modeli nzito ya kiwanda hichohicho, au dramu za aluminiamu zenye mapezi ya kutolea joto. Wengine walitoboa bamba la nyuma la dramu ili upepo uingie. Barani Ulaya, kwenye lami, matundu hayo yalisaidia. Katika tope la Afrika Mashariki yaliingiza uchafu uliokwangua lainingi kama msasa, na iliwabidi mafundi kuchagua kati ya joto na matope. Waliofika mwisho wa Safari mara nyingi walikuwa wale waliozitumia breki kwa uchache, wakipunguza mwendo kwa gia na kuachia mafuta mapema.

Usukani wa miaka hiyo ulikuwa wa boksi. Mzunguko wa usukani huingia kwenye boksi lenye gia ya parafujo, kisha hupitishwa kwa mikono na fito hadi kwenye magurudumu. Kila fito inapoungana na nyingine kuna boljointi, na kila boljointi ikilika kidogo, ulegevu hujumlishwa hadi usukani unapozungushwa robo nzima kabla gurudumu halijatikisika. Boksi lina faida yake, kwani humeza mapigo ya mawe na mashimo yasifike mikononi mwa dereva.

Raki ya Peugeot na mwaka wa magari saba

Mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari na saba tu yakamaliza. Mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua zilirudia adhabu hiyo: magari 93 yaliondoka, saba yakafika, na washindi walikuwa walewale wawili kwa 404. Kati ya miaka hiyo miwili, Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania walishinda mfululizo mwaka 1966 na 1967, pia kwa 404. Gari hilo likajijengea jina ambalo teksi na magari ya abiria ya Afrika Mashariki yaliliendeleza kwa miongo miwili zaidi.

Siri mojawapo ya 404 ilikuwa usukani wake. Badala ya boksi na msururu wa fito, gari hilo lilitumia raki: fito moja yenye meno inayosogezwa kushoto na kulia na gia ndogo iliyo mwishoni mwa mhimili wa usukani. Viungo vilipungua, na ulegevu ukapungua pamoja navyo. Boljointi iliyolika ilionekana upesi na kubadilishwa upesi, jambo kubwa katika mashindano ya maelfu ya kilomita ambamo matengenezo yalifanyika kando ya njia, usiku, kwa taa ya mkononi.

Breki za 404 za miaka ya ushindi wa Shankland zilikuwa bado za dramu magurudumu yote manne. Vilevile Volvo PV544 ya mkono wa pili ambayo Joginder Singh na nduguye Jaswant walishindia mwaka 1965 ilikuwa na dramu pande zote. Matokeo hayo yanaonyesha mpangilio wa mahitaji wakati huo: gari lisilogeuka vizuri lilitoka njiani kabla breki zake hazijapata nafasi ya kuchoka.

Diski zinaingia

Mwaka uleule wa Safari ya kwanza, Jaguar ilishinda Le Mans kwa gari lenye breki za diski za Dunlop. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani, kwani Mwingereza Frederick Lanchester alilisajili mwaka 1902, lakini ni ushindi wa 1953 ulioonyesha thamani yake mbele ya dunia. Citroën DS ya mwaka 1955 ilizileta diski za mbele kwenye gari la kuuzwa kwa wingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikafika kwenye magari ya bei ya kati. Ford Cortina GT, gari la Peter Hughes na Bill Young walioshinda Safari ya mwaka 1964, lilikuwa na diski mbele na dramu nyuma. Mpangilio huohuo ulitumika katika Datsun 1600 SSS na Datsun 240Z, ambazo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia mwaka 1970 na 1971.

Diski iko wazi. Upepo huipooza, maji hurushwa nje na mzunguko, na joto linapoitanua huisogeza karibu na pedi badala ya kuitenga nayo. Hivyo kasoro mbili kuu za dramu ziliondoka kwa mkupuo. Kasoro mpya zilikuja upesi vilevile. Jiwe dogo likinaswa kati ya diski na bamba la kuikinga hulia na kuchora mifereji. Tope lenye mchanga hula pedi kwa saa chache. Na kwa kuwa diski haijivuti yenyewe kama kiatu cha dramu, pedali huhitaji nguvu zaidi, ndiyo maana viwanda viliongeza busta inayotumia mvuto wa hewa wa injini.

Busta hiyo ikawa na tatizo lake nyanda za juu. Hufanya kazi kwa tofauti kati ya shinikizo la hewa ya nje na mvuto wa injini, na katika kimo cha mita 2,000 hewa ya nje ina takriban asilimia 80 tu ya shinikizo la pwani. Injini za rali zenye kamshafti kali nazo hutoa mvuto dhaifu. Dereva aliyezoea breki laini za Dar es Salaam au Mombasa alikuta pedali imekuwa ngumu alipopanda nyanda za juu za Kenya.

Kisha kulikuwa na mafuta. Mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, polepole, kupitia mipira na kifuniko cha kikopo chake. Yakiwa mapya, mafuta ya daraja la DOT 3 hayachemki chini ya nyuzijoto 205 za Selsiasi. Yakishakunywa unyevu, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa wakati mafuta hayabanwi, na pedali hushuka hadi sakafuni bila kusukuma chochote. Breki zikipoa, pedali hurudi kama vile hapakutokea kitu. Timu zenye uwezo zilianza kumwaga mafuta yote ya breki na kujaza mapya kila baada ya mashindano, na desturi hiyo haijabadilika.

Escort, pedali mbili na mizani ya breki

Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm walikuwa wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari, wakitumia Ford Escort RS1600. Björn Waldegård alirudia ushindi wa Escort mwaka 1977 kwa RS1800. Timu za viwanda zilileta njia ya kazi ambayo gereji za Afrika Mashariki ziliiiga na ambayo bado ndiyo kiolezo cha kuboresha gari la zamani.

Badiliko kubwa lilikuwa kuondoa busta na kuweka mastasilinda mbili sambamba, moja kwa magurudumu ya mbele na nyingine kwa ya nyuma, zikiunganishwa na pedali kwa fito ya mizani. Faida ya kwanza ni usalama: bomba la mbele likipasuliwa na jiwe, breki za nyuma hubaki. Ya pili ni kwamba dereva anaweza kuigawa nguvu. Kwenye lami kavu uzito huhamia mbele gari linapofunga breki, kwa hiyo magurudumu ya mbele hupewa sehemu kubwa ya kazi. Kwenye tope mshiko ni mdogo, uzito hauhami sana, na magurudumu ya nyuma yanaweza kubeba zaidi. Kuizungusha parafujo ya mizani kidogo kuelekea nyuma mvua inapoanza likawa jambo la kawaida.

Kipenyo cha mastasilinda ndicho kinachochukua nafasi ya busta, na hesabu yake ni rahisi. Shinikizo ni nguvu ya mguu ikigawanywa kwa eneo la pistoni. Kutoka pistoni ya robo tatu ya inchi kwenda ya inchi 5/8, shinikizo huongezeka kwa asilimia 44 kwa nguvu ileile ya mguu, lakini pedali nayo hutembea umbali mrefu zaidi kwa asilimia 44. Fundi akichagua pistoni ndogo mno, pedali hufika sakafuni kabla breki hazijashika. Akichagua kubwa mno, dereva huchoka mguu kabla ya mchana.

Upande wa usukani, Escort ilikuja na raki iliyohitaji takriban mizunguko mitatu na nusu kutoka pembe moja hadi nyingine. Raki za rali zilipunguza mizunguko hadi kama miwili na nusu. Dereva aliweza kulirudisha gari lililoanza kuteleza bila kubadilisha mikono, lakini nguvu iliyohitajika iliongezeka kwa takriban asilimia 40, na kila jiwe liligonga moja kwa moja mikononi. Madereva walifunga vidole kwa plasta, na walijifunza kutokushika usukani kwa kidole gumba ndani ya duara, kwa sababu pigo la shimo lingeweza kukitegua.

Boksi halikufa. Mitsubishi Lancer 1600 GSR, iliyompa Joginder Singh ushindi wa mwaka 1974 na 1976, ilikuwa na usukani wa boksi. Datsun ya Shekhar Mehta na Mike Doughty, walioshinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, nayo ilikuwa ya boksi. Magari hayo yalithibitisha kwamba boksi lililofungwa imara kwenye chesisi iliyoongezewa bamba la chuma, lenye fito nene na boljointi mpya, linaweza kushindana na raki. Mahali pa kwanza kupasuka kwa kawaida si boksi lenyewe bali ni bati la bodi linaloshikilia boliti zake.

Gari lililoinuliwa

Magari mengi ya Safari yaliinuliwa kwa springi ndefu na shokapu nene ili yapite juu ya mawe na mitaro. Kuinua gari huku usukani ukiachwa ulivyo huzaa kasoro ambayo dereva huihisi kabla fundi hajaiona: gurudumu la mbele linapopanda juu ya tuta, gari hujigeuza lenyewe.

Sababu iko katika tao mbili. Mkono wa chini wa gurudumu huzunguka kwenye bushi yake na kuchora tao moja. Tairodi huzunguka kwenye kiungo chake cha ndani na kuchora tao jingine. Kiwanda hupanga fito hizo mbili ziende sambamba, ili tao zifuatane. Gari likiinuliwa sentimita kadhaa, mkono na tairodi huinama kwa pembe zisizolingana, na gurudumu linapopanda na kushuka tairodi hulivuta au kulisukuma. Kwenye njia yenye vijituta mfululizo gari hutangatanga ovyo, na dereva hudhani shokapu zimekufa.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Fundi huondoa springi za mbele, huweka gari juu ya stendi, hufunga ubao ulionyooka kwenye haabu ya gurudumu, kisha huinua gurudumu kwa jeki sentimita moja moja na kupima umbali kutoka ncha ya mbele na ncha ya nyuma ya ubao hadi uzi uliotandazwa sambamba na gari. Namba hizo mbili zikibadilika kwa kiwango kimoja, usukani uko salama. Zikitofautiana, raki huinuliwa au kushushwa kwa washa, au tairodi huhamishwa upande wa pili wa mkono wake, hadi tofauti ipungue na kuwa milimita chache katika mwendo wote wa springi.

Barabara ya Ifakara na Mbingu

Bonde la Kilombero, nchini Tanzania, linaonyesha kwamba kasoro hizi hazikuwa za washindani pekee. Njia kuu ya kuingia bondeni huacha barabara ya Tanzania na Zambia pale Mikumi, ikapita Kidatu, Mang'ula na Kiberege hadi Ifakara. Kutoka Ifakara njia nyingine hufuata mguu wa milima ya Udzungwa kuelekea kusini-magharibi, kupitia Mbingu na Mngeta, hadi Chita na Mlimba. Mito inayotelemka kutoka Udzungwa, kama Ruipa na Mngeta, huikatiza njia hiyo. Udongo mweusi wa mbuga ukiloa hunata kwenye magurudumu na kujaza nafasi kati ya dramu na rimu, na ukikauka hugeuka kama tofali.

Magari yaliyohudumia bonde kwa miongo mingi yalikuwa Land Rover na malori, yote yenye usukani wa boksi na breki za dramu. Ugonjwa wake ulikuwa uleule wa Volkswagen za mwaka 1954. Dramu iliyofunguliwa baada ya safari ya masika huonyesha historia ya siku nzima: tope la kijivu lililoganda ukingoni, mistari mirefu iliyochorwa na mchanga kwenye chuma, lainingi inayong'aa kama kioo palipopata joto, na vumbi jekundu la kutu kwenye mpira wa silinda ulioanza kuvuja. Dawa ya njiani baada ya kuvuka mto ilikuwa kuendesha polepole huku pedali ikikanyagwa kidogo kidogo mpaka lainingi zikauke. Unyevu wa bonde, wenye mvua zinazozidi milimita 1,000 kwa mwaka, ulifanya mafuta ya breki yazeeke upesi kuliko kitabu cha kiwanda kilivyosema.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ilipita Ifakara, Mbingu na Mlimba, na kwa vijiji vya njia ya Mlimba ikawa tegemeo la msimu ambao magari yalikwama. Pamoja na reli walikuja mafundi na mashine. Mang'ula, palipokuwa na karakana ya ujenzi wa reli, palibaki kiwanda cha zana za mashine, na karakana za Kiwanda cha Sukari cha Kilombero nazo zilikuwa na mashine za kukereza. Mashine ya kukereza ndiyo chombo cha msingi cha fundi wa breki za dramu, kwa kuwa dramu iliyopinda au kuchorwa haina tiba nyingine isipokuwa kukerezwa upya au kutupwa.

Uwezo huo ulikuwa na thamani kubwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilikuwa haba na spea ziliadimika nchini kote. Lainingi zilibandikwa upya, boljointi zilijazwa na kukerezwa, mipira ya mastasilinda ilitolewa kwenye gari moja na kuwekwa kwenye jingine. Mlima Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, uliendelea kuwa kipimo kikali cha breki zilizofufuliwa kwa namna hiyo, na madereva wa malori walijua kuingia mteremko huo kwa gia ndogo tangu juu.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na magari yaliyotumika Japani yalipoanza kuingia kwa wingi, sura ya spea ilibadilika. Kila Toyota iliyokuwa imegongwa ikawa ghala la diski, kalipa, mastasilinda za mikondo miwili na usukani wenye msaada wa haidroliki. Kwa mara ya kwanza gari kuukuu liliweza kuboreshwa kwa vifaa vya kisasa vilivyopatikana ndani ya nchi. Kazi hiyo hudai tahadhari moja kuu: kalipa yenye pistoni kubwa ikifungwa kwenye mastasilinda ya gari la awali, mafuta yanayosukumwa hayatoshi na pedali huwa ndefu. Gari huonekana limeboreshwa, kumbe limepunguziwa breki.

Magari ya zamani yarudi mashindanoni

Safari ilitoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 na kurudi mwaka 2021 ikiwa na makao yake Naivasha. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2003, ilizaliwa East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoadhimisha miaka hamsini ya Safari ya kwanza na ambayo katika matoleo kadhaa yamevuka mpaka kuingia Tanzania. Waldegård alishinda mwaka 2007 kwa Ford Escort na mwaka 2011 kwa Porsche 911. Ian Duncan wa Kenya alishinda mwaka 2009 kwa Ford Mustang, na Stig Blomqvist mwaka 2015 kwa Porsche 911. Tangu mwanzo 911 ilikuwa na usukani wa raki, na tangu miaka ya 1960 ilikuwa na diski magurudumu yote manne, hivyo mafundi wake waliweza kutumia muda wao kuimarisha badala ya kubuni. Tanzania nayo ina mashindano yake, yakiwemo Mkwawa Rally, ambayo imewahi kuendeshwa katika mkoa wa Morogoro, mkoa wenye bonde la Kilombero.

Kanuni za magari ya kihistoria huweka mipaka. Kwa jumla gari linatakiwa kubaki na vifaa vya enzi yake au vilivyokubaliwa na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, katika miaka yake ya mashindano. Ndani ya mipaka hiyo, uzoefu wa miaka sabini umeacha utaratibu wa kazi unaofuatwa na gereji nyingi.

Kwanza huja uimara. Mabomba ya breki huondolewa chini ya sakafu, yanakogongwa na mawe, na kupitishwa ndani ya gari. Mipira hubadilishwa kwa ile iliyosukwa kwa waya wa chuma, ambayo haivimbi kwa shinikizo. Mahali pa kufungia boksi au raki huongezewa bamba, na boljointi zote huwa mpya. Pili huja joto: pedi au lainingi zinazofaa, mafuta ya DOT 4 au bora zaidi, na njia ya upepo ambayo haiingizi tope. Tatu huja mizani: mastasilinda mbili zenye vipenyo vilivyopigiwa hesabu kulingana na kalipa zilizopo, na breki ya mkono ya haidroliki kwa ajili ya kona kali. Mwisho huja wepesi wa usukani: raki ya haraka, kisha, pale kanuni zinaporuhusu, msaada wa mota ya umeme kwenye mhimili wa usukani, mara nyingi ikitolewa kwenye magari madogo ya kisasa kama Opel Corsa. Msaada huo huondoa uzito wa raki ya haraka na hupunguza mapigo mikononi, lakini huongeza mahitaji ya umeme, na alteneta ya gari la miaka ya 1970 hulazimika kubadilishwa pia.

Majaribio hufuata mpangilio huohuo. Gari husimama kwanza likiwa limezimwa, fundi akikanyaga pedali kwa nguvu kwa dakika nzima huku mwenzake akikagua kila kiungo cha bomba. Hupelekwa mwendo mdogo kwenye changarawe kuona kama linavuta upande. Pedi mpya huzoezwa kwa kupandishiwa joto hatua kwa hatua na kuachwa zipoe. Breki hupigwa mfululizo hadi zipate moto ili ijulikane pedali itashuka wapi, na parafujo ya mizani hurekebishwa hadi magurudumu ya mbele yafunge kabla ya ya nyuma. Baada ya hapo alaimenti hupimwa upya, kwa sababu springi mpya hukaa kidogo baada ya kilomita za kwanza, na gari lililopimwa likiwa juu haligeuki sawa likishakaa chini.